Jerikeni ya lita 5 ni kubwa au ni ndogo?

Asubuhi moja hapa Busia, upande wa Uganda, niliweka jerikeni mbili chini ya mwembe wa shule, moja ya lita 3 na nyingine ya lita 5. Nikamwuliza mvulana wa miaka 4 ipi ni kubwa. Akaigusa ya lita 5 bila kusita. Nikaiondoa ndogo, nikaleta ya lita 20, ile ya njano kama anayoibeba mama yake kila jioni kutoka bombani. "Haya, sasa ipi ni ndogo?" Akanyamaza. Akaitazama ya lita 5, akanitazama mimi, kisha akasema, karibu kulia: "Lakini mwalimu, hii tulisema ni kubwa."

Nimefundisha nasari miaka mingi, na kwangu mimi somo zima la ukubwa limo ndani ya maneno hayo ya mtoto. Alidhani "kubwa" ni sifa ya jerikeni, kama rangi yake. Njano hubaki njano hata ukiiweka karibu na nini. Ukubwa huonekana pale tu kitu kinapopata mwenzake, na mwenzake akibadilika, jibu nalo linageuka. Mtu mzima amesahau kwamba aliwahi kuliona jambo hili gumu.

Miaka yangu ya mwanzo nilifundisha kwa chati ya ukutani, tembo upande huu na panya upande ule. Watoto waliimba "tembo mkubwa, panya mdogo" mpaka wazazi wakafurahi. Najutia muda ule. Wengi wao hawajawahi kumwona tembo, na kwenye karatasi ile hakuzidi kiganja changu. Walichoshika ni wimbo. Siku hizi natumia vitu vitatu vya aina moja: sufuria tatu, viazi vitamu vitatu, kandambili ya baba, ya mama na ya mtoto mwenyewe. Vitatu, kwa sababu kile cha katikati ndicho kinachofundisha. Mara ni kikubwa, mara ni kidogo, na hakuna aliyekigusa.

Lugha yetu ina msaada na ina mtego. Msaada ni neno "kushinda". Watoto wengi hapa husikia Luganda pia, na Luganda husema *okusinga*, yaani kushinda, pale ambapo Kiswahili cha vitabu kinasema "kuliko". Kwa hiyo mtoto anayekwama kwenye "hiki ni kikubwa kuliko kile" huelewa papo hapo ukimwambia "hiki kinashinda kile kwa ukubwa". Anzeni na kushinda, wala msione haya; "kuliko" itafuata.

Mtego ni "mkubwa". Mtoto anajua dada mkubwa ni yule aliyezaliwa kwanza. Binti mmoja alinikatalia katakata kwamba amempita dada yake, ingawa walisimama mgongo kwa mgongo na darasa zima likaona. "Yeye ndiye mkubwa!" Na kwa neno nililompa alikuwa na haki. Kosa lilikuwa swali langu. Ningeuliza nani mrefu, angejibu bila shida. Tangu hapo nataja kipimo chenyewe: refu, fupi, nene, embamba, pana, zito. "Kubwa" natumia siku za mwanzo tu.

Kwenye urefu, angalieni macho ya mtoto yanakwenda wapi. Hutazama ncha ya mbele peke yake. Sukuma kijiti kimoja mbele kidogo naye atakuambia kimerefuka. Chora mstari mchangani, vijiti vyote vianzie hapo, na nusu ya ugomvi imekwisha. Baadaye pimeni kwa shibiri: meza ileile, shibiri zako chache na zake nyingi. Mwacheni ashangae.

Maji ni kazi ya kusubiri. Mimina maji ya kikombe kwenye chupa nyembamba, ataapa yameongezeka. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alieleza jambo hili karne iliyopita: watoto wengi walio chini ya miaka 6 au 7 hufuata kimo cha maji na kuusahau upana wa chombo. Msimgombeze. Mpeni amimine, arudishe, amimine tena, hata kama sakafu italowa.

Wiki iliyopita mama mmoja alinijia na wasiwasi. Mwanawe anakataa sarafu ya shilingi 500 na kudai ya 100, eti ndiyo kubwa. Mama akaogopa kwamba mtoto hajifunzi. Nikamwomba atoe zote mbili. Ya 100, yenye ng'ombe wa pembe ndefu, kweli ni pana kuliko ya 500 yenye korongo. Mtoto alikuwa amelinganisha vizuri kabisa, na thamani ni somo jingine, litakuja na wakati wake. Nikazisimamisha sarafu kwa ubavu juu ya meza, nikamwita aje atazame. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa mbao. Akaweka kidole kwenye ya 100: "Hii inashinda kwa upana." Akakihamishia kwenye ya 500, polepole: "Hii inashinda kwa unene." Kisha akazifumbata zote mbili.