Kibali cha Msitu si Leseni ya Dhahabu

Mwezi uliopita, ndani ya gari la abiria lililokuwa likipanda kutoka Mbeya kwenda Chunya, kijana aliyeketi jirani yangu aliniamkia kwa adabu, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne na risiti yake, kisha akasema, "Mzee wangu, mimi leseni ya dhahabu ninayo." Chini ya kiti alikuwa na karai jipya la kuoshea mchanga wa dhahabu, lenye lebo ya dukani. Nilivaa miwani, nikaisoma karatasi yote. Ilimruhusu kuingia katika msitu wa hifadhi kwa matembezi ya siku moja, na neno madini halikuwamo. Kwa kuwa nimekwisha kulisikia kosa hilo hata kwa watu wazima wanaojua kusoma vizuri, nimeona niandike.

Kibali ni ruhusa ya maandishi ya kufanya tendo fulani mahali fulani, na hutolewa na anayepasimamia mahali hapo. Leseni ya madini ni haki iliyosajiliwa kwa jina la mwenyewe, yenye mipaka na muda, na hutolewa na Tume ya Madini. Maana ni hiyo. Taabu imo katika maneno.

Kibali ni ndugu wa kukubali, na yote mawili yametoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wa kupokea kitu kwa ridhaa. Ndiyo maana twasema mtu amepata kibali mbele ya wakwe, tukimaanisha kwamba amepokelewa, wala hakuna anayedhani kwamba tangu siku hiyo shamba la wakwe ni lake. Ruhusa nayo imetoka katika mzizi uleule uliotupa rahisi, yaani kulegezewa jambo lililokuwa limekazwa (ingawa anayefuatilia ruhusa ofisini anaweza kutilia shaka undugu huo). Idhini ni jamaa ya adhana, na katika mzizi wake limo sikio: aliyepewa idhini amesikilizwa. Leseni ilichelewa kufika. Ililetwa na Kiingereza, ambacho kiliirithi kutoka Kilatini, na huko asili yake ilikuwa ruhusa tu kama hayo mengine. Lakini sisi tulipoipokea tuliipa kazi ya karatasi yenye namba, jina na tarehe ya kwisha, kama ile ya dereva. Kwa hiyo Kiswahili kimejipatia tofauti nzuri kati ya kukubaliwa kupita na kumiliki haki, nasi tunaipoteza kwa uvivu wa ulimi.

Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu juu ya ardhi na chini yake kuna wenye mamlaka wawili. Misitu ya hifadhi ya Serikali Kuu iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, wakati madini yaliyomo chini ya mizizi ya miti hiyo ni mali ya umma, ambayo Rais ameyashika kwa dhamana. Bwana misitu hawezi kutoa kisicho chake. Na Tume ya Madini vilevile haimfungulii mtu geti la msitu, kwa maana Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inamtaka hata mwenye leseni halali apate kwanza ridhaa ya maandishi ya mamlaka inayosimamia hifadhi kabla ya kuitumia leseni yake humo.

Kijana alinijibu kwamba yeye hachimbi, anatafuta tu, tena kwa kujifurahisha. Hapo ndipo neno lingine linapoteleza. Katika sheria hiyo, kutafuta madini ni kuyatafuta kwa njia yoyote, pamoja na kuchukua sampuli za kupimia, na bila haki ya madini mtu haruhusiwi kutafuta wala kuchimba. Karai moja mtoni ni njia, na detekta, kile kifaa cha kunusa chuma na dhahabu ardhini, ni njia. Leseni ya kutafuta dhahabu kwa burudani haimo kabisa. Iliyo karibu zaidi na mtu wa kawaida ni leseni ya uchimbaji mdogo, ambayo hutolewa kwa Watanzania na hudumu miaka 7.

Dhana ya burudani aliipata katika video za Marekani. Huko, chini ya sheria ya madini ya mwaka 1872, sehemu kubwa ya misitu ya taifa bado iko wazi kwa watafutaji, na mwenye karai lake katika eneo ambalo halijafungwa wala kushikwa na mwingine kwa kawaida haombi kibali. Kazi yake ikielekea kuuharibu msitu ndipo hupeleka taarifa kwa ofisa wa wilaya ya msitu huo, na uharibifu ukiwa mkubwa hutakiwa mpango kamili wa kazi. Huo ni utaratibu wa kwao, haukupanda gari hili pamoja nasi.

Tulipokaribia mahali pake pa kushukia nilimrudishia karatasi, nikamwambia, "Mwanangu, hiki ni kibali, na ni kibali halali cha kutembea. Karai liache kwa shangazi yako, na siku ukitaka dhahabu anzia kwa Afisa Madini Mkazi hapo Chunya." Akaikunja tena mara nne, akaitia mfukoni, akauliza kama karai linaweza kurudishwa dukani.