Nyati wa maji asiyeonyesha joto si tasa: dhana potofu kuhusu ovari, homoni na ultrasaundi

Majike wengi wa nyati wa maji huitwa tasa na kupelekwa machinjioni huku ovari zao zikifanya kazi barabara. Ni hasara ya kusikitisha, maana ingeweza kuepukwa kwa vipimo viwili vitatu. Hapa nazungumzia nyati anayefugwa kwa maziwa, nyama na kulima katika nchi kama India, Pakistani, Misri, Italia na Brazili. Mbogo wa porini Afrika ni spishi nyingine, na namba zinazofuata hazimhusu.

"Haonyeshi joto, basi ovari zimelala"

Dhana hii ndiyo inayoua wengi. Ng'ombe akiwa kwenye joto, yaani siku za kutaka dume, huwapanda wenzake na kusimama apandwe, hata mtu aliye mbali anamwona. Nyati jike hufanya hivyo mara chache. Ute wake mara nyingi haung'inii nyuma. Hubaki ndani, ukamwagika chini anapolala. Joto lenyewe hupenda kuanza usiku au alfajiri, saa ambazo hakuna anayeangalia. Anayemgundua kwa uhakika ni dume.

Mpime jike huyohuyo kwa ultrasaundi, picha inayochorwa kwa mwangwi wa sauti, mara kwa mara, utaona mambo mengine kabisa. Leo kijifuko cha yai kimekomaa, duara jeusi lenye ukingo safi. Keshokutwa hakipo. Baada ya wiki, mahali palepale pana korpasi luteumu, tezi ya muda inayotengeneza projesteroni, homoni inayoandaa na kutunza mimba. Mzunguko wa siku 21 hivi umepita wote, na zizini hakuna aliyeona lolote.

Jike asiyezunguka kweli, yaani ambaye ovari zake zimelala, yupo, lakini kipimo kimoja hakitoshi kumtambua. Hata jike mzima aliye kwenye joto siku hiyo hana korpasi luteumu inayofanya kazi, na projesteroni yake huwa chini ya nanogramu 1 kwa mililita. Ndiyo maana hupimwa mara mbili, siku kama 10 mbalimbali. Mara zote mbili pakikosekana tezi na projesteroni ikawa chini, hapo sasa una neno la kusema.

"Ultrasaundi inaonyesha homoni"

Haionyeshi. Probu, kwa kawaida ya megahezi 5 hadi 7.5, hupitishwa kwenye puru na kurusha sauti isiyosikika kwa sikio. Mwangwi unaorudi ndio unaochora picha: majimaji meusi, nyama ya tezi kijivu. Homoni hupimwa kwenye damu au maziwa.

Vipimo hivyo viwili vinahitajiana. Mwishoni mwa mzunguko, prostaglandini, kemikali inayotoka kwenye mfuko wa uzazi, huizima korpasi luteumu, na projesteroni huporomoka kabla tezi yenyewe haijasinyaa. Kwa hiyo unaweza kuitazama tezi nzuri, kubwa, ambayo kazi yake imekwisha. Dopla ya rangi, aina ya ultrasaundi inayofuatilia mwendo wa damu, husaidia hapo kwa kuonyesha damu inayopita ndani ya tezi.

"Kijifuko kikubwa kikionekana, yai linakaribia kutoka"

Hapa ndipo ultrasaundi ilipotufundisha mengi zaidi. Zamani ovari zilichunguzwa baada ya mnyama kuchinjwa, yaani kila jike alitoa picha moja tu. Mtafiti Rajakoski aliandika mwaka 1960 kwamba kwa mitamba wa ng'ombe vijifuko hukua kwa mawimbi mawili, na ubishi ukadumu miaka mingi. Mwaka 1984 watafiti Pierson na Ginther wa Wisconsin, Marekani, walichapisha picha za ultrasaundi za ovari za ng'ombe aliye hai; tangu hapo ikawezekana kufuatilia kijifuko kilekile siku baada ya siku. Kwa nyati, Baruselli na wenzake nchini Brazili walitoa matokeo yao mwaka 1997: zaidi ya nusu ya majike walikuwa na mawimbi mawili katika mzunguko mmoja, karibu theluthi matatu, na wimbi moja lilikuwa nadra.

Katika kila wimbi, kundi la vijifuko huanza pamoja, kisha kimoja hukua na kuwazuia wenzake. Lakini projesteroni ikiwa juu, homoni ya LH, inayokomaza na kupasua kijifuko, hutoka kwa mapigo machache mno, na kijifuko hicho kikubwa hufa bila kutoa yai. Kile kitakachokuwa kikubwa wakati korpasi luteumu inazimika ndicho hupasuka, kikiwa na kipenyo cha milimita 12 hadi 16 hivi. Kwa hiyo ukiona kijifuko kikubwa, usikimbilie mbegu kabla hujatazama kama pana korpasi luteumu hai.

"Ujuzi wa ng'ombe unatosha kwa nyati"

Unasaidia, hautoshi. Ovari za nyati ni ndogo, na akiba yake ya vijifuko vichanga hukadiriwa kati ya 10,000 na 20,000, wakati ya ng'ombe huzidi 100,000. Ndiyo maana dawa za kuzalisha mayai mengi humpa matokeo haba. Korpasi luteumu yake nayo imezama ndani ya ovari, mara nyingi bila kichwa cha kushikika, hivyo hata mkono wenye uzoefu, unaopapasa ovari kupitia puru, hudanganyika.

Kisha kuna majira. Mbali na ikweta, nyati huzaana zaidi siku zinapofupika, kwa ishara ya melatonini, homoni ya usiku. Ratiba ya kupanga wakati wa yai kutoka, yaani sindano ya GnRH (homoni inayochochea LH) siku ya 0, prostaglandini siku ya 7, GnRH tena siku ya 9 na uhimilishaji (kupandikiza mbegu) saa 16 baadaye, hufaulu vizuri kwa majike wanaozunguka. Msimu wa siku ndefu, wengi huhitaji kwanza kifaa cha projesteroni kinachowekwa ukeni.

"Kipimo kinaharibu mimba"

Sauti si eksirei, haina mionzi. Kipimo kikifanywa kwa mkono mtulivu, moyo wa kijusi huonekana ukipiga karibu siku ya 30. Asiyeshika mimba hujulikana siku hiyohiyo, na anaweza kuanzishiwa ratiba mpya mara moja.