Bigfoot: dhana potofu na ukweli kuhusu asili na kuwapo kwake

Anayedai kwamba Bigfoot, kiumbe mkubwa mwenye manyoya anayesemekana kutembea wima kama mtu, anaishi katika misitu ya magharibi mwa Marekani na Kanada hadai mnyama mmoja. Anadai ukoo mzima: madume, majike, watoto, wazee wanaokufa, na mababu waliofika huko kwa njia fulani. Jambo hilo husahaulika mjadala ukipamba moto, nalo ndilo linaloamua hoja nyingi.

Dhana: Bigfoot ni mzao wa Gigantopithecus aliyevuka kutoka Asia.

Hii ndiyo nadharia maarufu kuliko zote kuhusu asili yake, na Grover Krantz, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, aliipigania hadi mwisho wa maisha yake. Gigantopithecus, jamaa mkubwa wa kale wa sokwe na orangutani, alikuwapo kweli. Mwaka 1935 Ralph von Koenigswald alikuta gego lake kubwa likiuzwa katika duka la dawa za asili za Kichina huko Hong Kong, na tangu hapo kusini mwa China yamepatikana mataya manne na meno mengi. Basi. Hakuna mfupa wa mguu, wala nyonga, wala fuvu zima; kila picha inayomwonyesha amesimama wima kama mtu imetoka kichwani mwa mchoraji.

Mwaka 2019 protini zilizotolewa katika jino la miaka takribani milioni 1.9 zilionyesha kuwa jamaa yake wa karibu aliye hai ni orangutani, na kwamba koo hizo mbili zilitengana kati ya miaka milioni 10 na 12 iliyopita. Uchunguzi wa mapango ya Guangxi uliochapishwa mwaka 2024 ulikadiria kwamba alitoweka kati ya miaka 295,000 na 215,000 iliyopita, misitu ilipobadilika na chakula alichokitegemea kikapungua. Na ile nchi kavu iliyounganisha Siberia na Alaska wakati wa enzi za barafu ilikuwa nyika ya baridi kali. Mla mimea wa msituni angekula nini huko, kizazi baada ya kizazi, mpaka avuke? Zaidi ya hayo, bara lote la Amerika halijatoa kisukuku hata kimoja cha sokwe, gorila au orangutani wa kale. Kima wa Amerika Kusini ni ukoo mwingine kabisa.

Dhana: Wanyama wakubwa bado wanagunduliwa, kwa hiyo huyu naye amejificha tu.

Nusu ya kwanza ni kweli, na inafurahisha. Okapi alitambuliwa kisayansi mwaka 1901, gorila wa milimani akapatikana mwaka 1902, saola, mnyama mwenye pembe wa Vietnam, mwaka 1992. Mfano unaofundisha zaidi ni kipunji, kima wa Tanzania. Wawindaji wa Rungwe walikuwa wakimjua tayari. Watafiti walimwona mwaka 2003, na mwaka 2004 timu nyingine ikamkuta Ndundulu, katika milima ya Udzungwa. Mwaka 2005 alielezwa rasmi kwa kutegemea picha, kisha mmoja akafa katika mtego shambani, na maiti yake ikaonyesha kuwa ni wa jenasi mpya. Kuonwa hadi kuelezwa: miaka miwili. Bigfoot anatafutwa kwa bidii tangu mwaka 1958, katika nchi iliyojaa barabara za magogo, wawindaji na kamera za kutegesha.

Wapo wanaojibu kwamba hata mizoga ya dubu haionekani msituni. Ni kweli kwamba mzoga huoza upesi na nungunungu hutafuna mifupa. Lakini dubu weusi hugongwa na magari, hupigwa risasi kila msimu wa uwindaji, na visukuku vyao vimejaa kwenye makumbusho.

Dhana: Nyayo zile kubwa hazina maelezo mengine.

Jina Bigfoot lilienea mwaka 1958, Jerry Crew, dereva wa tingatinga, alipokuta nyayo ndefu kwenye barabara iliyokuwa ikijengwa Bluff Creek, California. Mkandarasi wa kazi hiyo, Ray Wallace, alipofariki mwaka 2002, familia yake ilionyesha miguu ya mbao iliyochongwa. Hata hivyo, kuita nyayo zote uongo ni uvivu. Dubu akitembea, mguu wa nyuma mara nyingi hukanyaga sehemu ya alama ya mguu wa mbele, zikawa unyayo mmoja mrefu. Tazama vidole: kwa dubu kilicho kikubwa huwa upande wa nje, kwa binadamu huwa upande wa ndani. Kwenye theluji jua hupanua kingo, na unyayo mdogo ukakua mchana mmoja.

Mistari midogo inayofanana na ya ngozi, iliyoonekana kwenye baadhi ya vipande vya plasta iliyomwagwa ndani ya nyayo ili kuchukua umbo lake, nayo ina chanzo kinachojulikana. Plasta ikimwagwa juu ya udongo laini mkavu, udongo hunyonya maji haraka na mistari hujitokeza kwenye plasta yenyewe. Kwa hiyo piga picha kabla ya kumwaga chochote, kamera ikiwa juu moja kwa moja, na rula iwe usawa wa sakafu ya unyayo. Pima pia hatua kadhaa mfululizo. Unyayo mmoja peke yake hauonyeshi mguu ulivyopinda wala uzito ulivyohama.

Dhana: Filamu ya 1967 inaonyesha mwendo ambao binadamu hawezi kuuiga.

Roger Patterson na Bob Gimlin walirekodi filamu hiyo, inayoonyesha umbo lenye manyoya likitembea kwa miguu miwili, huko Bluff Creek tarehe 20 Oktoba 1967. Filamu ina fremu 954 hivi, lakini kasi ya kamera haijulikani kwa uhakika. Kwa fremu 16 kwa sekunde inachukua sekunde 60 hivi; kwa 24, sekunde 40. Kila hesabu ya mwendo imejengwa juu ya namba hiyo isiyojulikana.

Dhana: Wanaosema wamemwona ni waongo.

Hili ni kosa la upande wa pili, na linawaumiza watu wa kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulilinganisha ripoti na idadi ya dubu weusi katika majimbo ya Marekani na Kanada: walipo dubu wengi zaidi, ripoti nazo huongezeka. Dubu husimama kwa miguu miwili. Mchanganye na mwanga hafifu, umbali na sekunde chache, na mtu mwaminifu ataapa kwamba ameona kitu kingine.

Dhana: Masimulizi ya wenyeji asilia yanathibitisha mnyama huyu.

Masimulizi hayo hayafanani. Dzunukwa wa Wakwakwaka'wakw, wenyeji asilia wa pwani ya magharibi ya Kanada, kwa mfano, ni mwanamke wa porini anayebeba watoto kwenye kikapu, na pia huleta utajiri. Kumgeuza shahidi wa zoolojia ni kumpokonya maana aliyopewa na wenye simulizi.

Dhana: Nywele zimepimwa na maabara zikashindwa kuzitambua.

"Haikutambulika" kwa kawaida humaanisha sampuli imeoza au imechafuliwa. Nywele zilizopelekwa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, miaka ya 1970 zilikuwa za mnyama wa jamii ya kulungu (deer). Mwaka 2014 Bryan Sykes wa Oxford alichapisha vinasaba vya sampuli 30 za nywele kutoka sehemu mbalimbali za dunia: dubu, farasi, ng'ombe, nungunungu na wengine wanaojulikana, moja ikiwa ya binadamu.

Ukikuta nywele, vaa glovu na barakoa, maana vinasaba vyako huingia kwa urahisi. Tumia kibano safi na uchukue zenye mzizi. Ziweke kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa plastiki hushika unyevu, na ukungu huharibu vinasaba. Andika mahali, tarehe na kimo kutoka ardhini, kisha gawa sampuli mara mbili, maabara ya pili iweze kurudia kipimo bila kujua jibu la kwanza.