Mraba usiovunjika: jometri ya kompyuta na fikra za mwanafunzi

Mwambie mwanafunzi wa kidato cha kwanza achore mraba kwenye GeoGebra, programu ya kompyuta ya kuchorea jometri. Wengi huweka nukta nne kwa kukadiria kwa macho, wakaziunganisha, na ukiutazama utaapa kuwa ni mraba. Kisha mwambie ashike kona moja aivute. Umbo linapinda na kuwa pembenne isiyo na jina, naye anakuambia, "Mwalimu, umeharibika!" Hapo ndipo somo linapoanza, kwa sababu mbele yake ilikuwapo picha tu ya mraba.

Mraba unaostahimili kuvutwa hujengwa. Chora kipande cha mstari AB. Simamisha mistari ya wima kwenye A na kwenye B, yaani inayokutana na AB kwa pembe mraba. Chora duara lenye kitovu A linalopita B. Linapokata mstari wima wa A ndipo kona nyingine ilipo, na kutoka hapo pitisha mstari sambamba na AB. Sasa vuta A au B utakavyo: umbo litakua, litapungua, litazunguka, lakini mraba utabaki mraba. Ile sentensi aliyoikariri tangu shule ya msingi, pande nne sawa na pembe mraba nne, ameigeuza kuwa kazi ya mikono yake. Na ukilala upande, hatauita tena almasi, maana ameuona ukizunguka mpaka hapo bila kupoteza chochote.

Mwaka 1957 walimu wawili wa Uholanzi, Pierre van Hiele na mkewe Dina van Hiele-Geldof, walieleza kuwa uelewa wa jometri hupanda kwa ngazi. Kwanza mtoto hulitambua umbo kwa sura yake. Baadaye huziona sifa zake. Baadaye zaidi hujua sifa ipi inazaa ipi. Wanafunzi wengi tunaowalaumu kwa kushindwa kuthibitisha bado wako kwenye sura. Naamini kuvuta kona ni ngazi nzuri ya kuwapandisha, kwa kuwa sura hubadilika na sifa hubaki. Wazo hilo lilikuwapo kwenye Cabri, programu ya jometri ya Grenoble, Ufaransa, miaka ya 1980, kabla Markus Hohenwarter hajaanza kuitengeneza GeoGebra katika Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria.

Lakini kuvuta kuna mtego wake, na unawanasa hata walimu wazuri. Chora pembenne yoyote, weka alama katikati ya kila upande, unganisha alama hizo nne kwa mfuatano. Utapata msambamba, yaani pembenne ambayo pande zinazotazamana ni sambamba. Vuta kona: bado msambamba. Vuta mpaka pande zipishane kama mkasi: bado. Darasa linashangilia, na swali la "kwa nini?" linaonekana la bure, kwani wamekwisha kuona.

Usiwaache hapo. Waambie wachore ulalo mmoja, yaani mstari kutoka kona moja hadi kona inayoitazama. Pembenne inagawanyika pembetatu mbili, na katika kila moja mstari unaounganisha katikati ya pande mbili ni sambamba na ulalo huo, tena ni nusu ya urefu wake. Basi pande mbili za umbo la ndani ni sambamba na ni sawa. Kuvuta kulionyesha hivyo mara mia. Ulalo umeeleza sababu, na sababu inatosha kwa pembenne zote zisizokwisha.

Namba nazo zinadanganya. Programu kwa kawaida hukadiria hadi nafasi mbili za desimali, hivyo pembe ya nyuzi 89.998 itaandikwa 90. Siku nyingine pembe tatu za pembetatu zitajumlishwa zipatikane 180.01. Mwalimu asiifiche siku hiyo. Ni nafasi adimu ya kuzungumzia tofauti ya kupima na kujua.

Shule yenye kompyuta moja na projekta inaweza kufanya haya yote, na simu janja ya kawaida yenye programu iliyokwisha kupakuliwa hufanya kazi bila intaneti. Bikari na rula zisitupwe: mkono uliowahi kuhamisha urefu kwa bikari huelewa upesi kwa nini mraba wa kwenye skrini unahitaji duara. Kabla hawajavuta, waulizeni: nini kitabadilika, nini hakitabadilika? Waandike jibu daftarini kwanza, ndipo washike kona.