Wimbi Jipya la Sinema ya Ufaransa: Maana Yake Kupitia Les Quatre Cents Coups

Wimbi Jipya ni jina la filamu zilizotengenezwa Ufaransa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1960, na vijana ambao wengi wao walikuwa wahakiki kabla ya kuwa waongozaji. François Truffaut, Jean-Luc Godard, Claude Chabrol, Éric Rohmer na Jacques Rivette wote walikuwa wakiandika katika jarida moja la Paris, Cahiers du cinéma. Agnès Varda na Alain Resnais walifika kwa njia nyingine, ila nao huhesabiwa humo. Jina lenyewe halikuzaliwa kwenye sinema. Lilienezwa mwaka 1957 na jarida la L'Express, katika uchunguzi wa Françoise Giroud kuhusu vijana wa Ufaransa wa baada ya vita. Filamu za vijana hao zilipoanza kutoka, jina likahamia kwao.

Ukimwuliza mwanafunzi wa filamu akueleze Wimbi Jipya, aghalabu atakutajia kamera nyepesi, barabara halisi badala ya studio, waigizaji wasio na majina na bajeti ndogo. Hayo yote ni kweli, lakini ni vyombo tu vya kazi. Ninavyoamini mimi, Wimbi Jipya lilikuwa kwanza suala la nani anasema ndani ya filamu, na anamsemea nani. Sijaona filamu inayolionyesha hilo wazi kama Les Quatre Cents Coups ya Truffaut, iliyotoka mwaka 1959. Inamhusu Antoine Doinel, mtoto wa Paris anayeshindikana nyumbani na shuleni.

Kwanza tujue walikuwa wakipinga nini. Januari 1954 Truffaut, akiwa hajatimiza miaka 22, alichapisha kwenye Cahiers makala kali dhidi ya sinema iliyokuwa ikitukuzwa Ufaransa wakati huo. Utaratibu wake ulikuwa huu: inachukuliwa riwaya mashuhuri, waandishi wa mswada wanaigeuza kuwa majibizano yaliyopigwa msasa, kisha mwongozaji anaitwa aje kutia picha. Truffaut alidai mwongozaji awe mtunzi kamili wa filamu yake, mwenye kubeba lawama na sifa zake zote. Wazo halikuwa lake peke yake. Tangu 1948 Alexandre Astruc alikuwa ameshaandika kwamba kamera inaweza kutumika kama kalamu. Lakini Truffaut alilisema kwa ukali uliomletea maadui, hata tamasha la Cannes likamnyima kibali cha kuhudhuria mwaka 1958. Mwaka uliofuata alirudi huko na filamu hii, akapewa tuzo ya mwongozaji bora. Alikuwa na miaka 27.

Aliyedai kwamba mtunzi aseme kwa sauti yake mwenyewe alilazimika kuanza na maisha yake. Truffaut alizaliwa Paris mwaka 1932, na Roland Truffaut, aliyekuja kumwoa mama yake, ndiye aliyempa jina la ukoo. Miaka yake ya mwanzo alilelewa mbali na mama, sehemu kubwa kwa bibi yake, na alipohamia kwa wazazi alikuta nyumba ambayo haikuwa ikimngoja. Akawa mtoro wa shule, akijificha kwenye majumba ya sinema. Akaanzisha klabu ya filamu iliyomwingiza kwenye madeni, mpaka baba huyo akamkabidhi polisi, na kijana akaishia katika kituo cha watoto waliokinzana na sheria huko Villejuif. Aliyemsaidia kutoka ni André Bazin, mhakiki aliyekuja kuwa mmoja wa waanzilishi wa Cahiers. Bazin alifariki Novemba 1958, upigaji picha wa Les Quatre Cents Coups ukiwa ndio kwanza umeanza, na filamu imewekwa wakfu kwa kumbukumbu yake.

Basi Antoine anajua anakotoka, na Truffaut hamsafishi. Antoine anasema uongo, anatoroka shule na rafiki yake René, anaiba. Mwalimu akimbana aeleze alikuwa wapi, anajibu kwamba mama yake amekufa. Mama anatokea shuleni mzima wa afya, na baba wa kambo anamzaba mtoto vibao mbele ya darasa zima. Antoine anampenda mwandishi Balzac kiasi cha kuwasha mshumaa mbele ya picha yake, nyumba ikanusurika kuungua. Kisha anaandika insha ambayo maneno ya Balzac yameingia karibu kama yalivyo, naye anafukuzwa darasani kwa kunakili. Anaiba taipureta ofisini kwa baba wa kambo, anashindwa kuiuza, na wanamkamata anapoirudisha. Hapo ndipo baba anamshika mkono na kumpeleka kituo cha polisi.

Wakubwa wa filamu hii nao si mashetani. Mama bado kijana, amechoka, na ana mpenzi wa siri. Antoine amewaona wakibusiana barabarani siku moja ya utoro, na mama ameona kwamba ameonwa. Baba wa kambo ni mtu wa utani jikoni, hadi siku uvumilivu unapomwisha. Kuna usiku mmoja ambapo wote watatu wanakwenda sinema na kurudi garini wakicheka kwa furaha kabisa, na mimi husikitishwa na usiku huo kuliko vile vibao. Unaona kwamba waliweza.

Kiini cha dhana, kwangu, kiko kwenye mahojiano ya Antoine na mwanasaikolojia, katika kituo cha watoto waliokinzana na sheria anakopelekwa baada ya polisi. Mwanasaikolojia haonekani hata mara moja. Tunasikia sauti ya mwanamke tu, na kamera imetulia mbele ya mtoto aliyekaa mezani. Siku ya kupiga picha, Truffaut mwenyewe ndiye aliyekuwa akiuliza maswali, akamwacha Jean-Pierre Léaud, mvulana wa miaka 14, ajibu kwa maneno yake. Sauti ya mwanamke ilitiwa baadaye. Léaud anachezea vidole, anatabasamu, anasita, anaendelea. Anasema alikuja kujua kwamba mama yake alitaka kuitoa mimba yake na bibi ndiye aliyezuia. Akiulizwa kwa nini husema uongo, anajibu kwamba hata akisema kweli hawamwamini, kwa hiyo bora uongo.

Sinema ya mswada uliopigwa msasa isingelithubutu hivyo. Ingempa mtoto maneno mazuri ya kuliza watu, na kila baada ya jibu ingetuonyesha uso wa mtu mzima akihuzunika, ili tujue tuhuzunike lini. Hapa hatupewi uso wa kuuegemea. Tunabaki na mtoto peke yake akijieleza, na hukumu tunaachiwa sisi.

Ukishaliona hilo, ule ufundi unaotajwa madarasani unapata maana. Mpiga picha Henri Decaë aliipeleka kamera kwenye barabara za Paris na kwenye nyumba halisi iliyobana, kwa sababu mtoto huyu anaishi kwenye ubanaji huo na kupumulia barabarani. Antoine anaposafirishwa usiku katika gari la polisi, taa za mji zinapita nyuma ya nondo na machozi yanaonekana kwa shida. Studio ingeyatengeneza yang'ae.

Mwisho wake umekuwa mashuhuri. Watoto wa kituo wakiwa kwenye mpira, Antoine anapenya chini ya uzio na kukimbia, na kamera inakwenda naye sambamba kwa muda mrefu hadi ufukweni. Anaingia majini kidogo, anageuka, anatutazama machoni, na picha inaganda. Kiufundi ni kazi ya maabara: fremu moja, yaani picha moja ya mkanda wa filamu, huchapwa tena na tena ili mwendo usimame, na hapa picha inasogezwa hadi uso ujae. Hatuambiwi kama ameokoka au atakamatwa. Truffaut hakuwa na haki ya kumfungia kesi mtoto ambaye filamu nzima alikataa kumhukumu.

Kundi lenyewe lilitawanyika mapema, kila mwongozaji akashika njia yake. Antoine aliendelea kukua. Léaud alimwigiza tena katika filamu fupi ya 1962, kisha 1968, 1970 na 1979, mwili uleule ukizeeka mbele ya kamera kwa miaka 20. Anayetaka kulielewa Wimbi Jipya ningemshauri aanze na Les Quatre Cents Coups kabla ya À bout de souffle, ambayo Godard aliitengeneza kutokana na hadithi ya Truffaut na ikatoka 1960. Ya Godard inakatakata na kuruka kwa makusudi, na mtu akianza nayo hudhani kuruka huko ndiko Wimbi Jipya lenyewe.