Uvimbe adimu wa kidole tumbo: unavyotambuliwa na unavyotibiwa

Ni mara chache uvimbe wa kidole tumbo hutambuliwa ukiwa bado ndani ya mwili. Mgonjwa hufika na maumivu ya tumbo upande wa kulia chini, homa na kichefuchefu. Hupelekwa chumba cha upasuaji kwa kuwa kidole tumbo kimeshambuliwa na maambukizi. Kisha, kidonda kikiwa kimeanza kufunga na mgonjwa amesharudi nyumbani, sisi wa patholojia, tunaochunguza sampuli zilizotolewa mwilini, ndio tunaokutana na kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Katika kila vidole tumbo mia moja vinavyoondolewa, takriban kimoja hukutwa na uvimbe wa aina fulani. Kwa sababu hiyo nitalieleza jambo hili kutokea kwenye hadubini, ambako maamuzi ya tiba huanzia, na kwa sababu hiyo hiyo sikubaliani na desturi ya kutupa kidole tumbo kilichoonekana kwa macho kuwa cha kawaida, hata kama nia ni kumpunguzia mgonjwa gharama ya kipimo.

Kidole tumbo hutufikia kikiwa ndani ya formalini, dawa ya kuhifadhi sampuli. Tunapima urefu na upana wake, tunaipasua ncha kwa urefu, tunachukua vipande vya katikati, na hatusahau ukingo wa shina, pale daktari wa upasuaji alipokata. Mara nyingi tunakuta usaha na seli za maambukizi tu. Kwa wakazi wa maeneo yenye kichocho, kama yale yanayolizunguka Ziwa Victoria, mayai ya kichocho ndani ya ukuta wa kidole tumbo si jambo geni. Lakini ukuta ukiwa umetanuka, au ute mzito ukionekana, sampuli nzima huchunguzwa bila kubakiza kitu, kwa sababu mahali ambapo ute umepenya nje panaweza kuwa padogo kuliko kichwa cha pini.

Aina inayojulikana zaidi ni uvimbe wa niuroendokrini, yaani wa seli zinazotengeneza homoni, ambao Mjerumani Siegfried Oberndorfer aliuita kasinoidi mwaka 1907. Kwa kawaida hukaa kwenye ncha, mahali ambapo hauzibi kitu, na hivyo huishi kimya. Ukiwa chini ya sentimita 1 na umeondolewa wote, tiba imekwisha. Ukizidi sentimita 2, mgonjwa hushauriwa kurudi kuondolewa upande wa kulia wa utumbo mpana pamoja na tezi za limfu zake. Ubishi upo kati ya sentimita 1 na 2, na matokeo ya utafiti wa Ulaya yaliyochapishwa mwaka 2023 yameuelekeza upande ninaoukubali: wagonjwa walioondolewa kidole tumbo peke yake hawakuishi muda mfupi kuliko waliokatwa utumbo.

Saratani zenye seli za umbo la kikombe ni jambo jingine. Zamani ziliwekwa kundi moja na kasinoidi, lakini uainishaji wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 umeziweka miongoni mwa adenokasinoma, yaani saratani za seli za tezi, na zinatibiwa hivyo: upasuaji wa upande wa kulia wa utumbo mpana na, hatua ya ugonjwa ikidai, dawa za saratani zinazotumika kwa utumbo mpana.

Aina inayonishughulisha zaidi ni ile inayotengeneza ute, hasa ya daraja la chini. Chini ya hadubini seli zake zinaonekana za upole kiasi cha kumdanganya mtazamaji mwenye haraka. Hazichimbi ukuta kama saratani ya kawaida. Zinausukuma, misuli ya ukuta inageuka kuwa kovu, ute unazidi kujaa, na siku moja kidole tumbo kinapasuka, pengine bila maumivu yoyote ya kukumbukwa. Kwa kuwa ni nadra sana uvimbe huu kwenda kwenye tezi za limfu, kumkata utumbo mgonjwa ambaye kidole tumbo chake kilitoka kizima na ukingo wa shina ni safi hakumsaidii. Kinachomsaidia ni daktari wa upasuaji aliyekitoa bila kukipasua, akakiweka ndani ya mfuko kabla ya kukipitisha kwenye tundu la ukuta wa tumbo.

Kikipasuka, seli na ute huelea pamoja na majimaji ya tumbo na kutua pale majimaji hayo yanapofyonzwa au yanapotuama: chini ya kiwambo upande wa ini, kwenye utando wa mafuta, na ndani ya nyonga. Utumbo mwembamba mara nyingi husalimika kwa muda mrefu, kwa kuwa haukai bila kujongea. Hali hii Richard Werth aliipa jina la pseudomiksoma ya peritoneo (utando unaofunika ndani ya tumbo) mwaka 1884, na kwa mwaka huwapata watu wachache tu katika kila milioni. Tumbo la mgonjwa huvimba huku mikono na mashavu vikikonda, na daktari anayetarajia maji akichoma sindano hapati kitu, kwa sababu ndani mna ute mzito kama mlenda uliopoa. Kwa wanaume ugonjwa hujitokeza wakati mwingine kama ngiri, ambayo ikipasuliwa inatoa ute. Kwa wanawake huonekana kama uvimbe wa ovari, na hapo ndipo makosa mengi hutokea, kwani mgonjwa huanzishiwa tiba ya saratani ya ovari ilhali chanzo ni kidole tumbo ambacho hakuna aliyekiangalia. Maabara inaweza kutofautisha: seli zilizotoka kwenye kidole tumbo kwa kawaida huonyesha protini za CK20 na SATB2, na hazionyeshi PAX8 ambayo ni ya kawaida katika saratani nyingi za ovari.

Ugonjwa huu haukuwa na tiba ya maana wakati mwigizaji Audrey Hepburn alipopata maumivu ya tumbo baada ya safari yake ya Somalia, akiwa balozi wa UNICEF, mwaka 1992. Alifanyiwa upasuaji Los Angeles mwezi Novemba, ikaonekana saratani ya kidole tumbo imeshasambaa, na akafariki tarehe 20 Januari 1993.

Miaka hiyo hiyo daktari wa upasuaji Paul Sugarbaker wa Washington alikuwa akijenga njia inayotumika leo katika vituo maalumu. Kwanza tumbo hugawanywa katika maeneo 13, kila moja likapewa alama 0 hadi 3 kulingana na ukubwa wa ugonjwa, jumla ikafikia 39. Kisha utando wote ulioathirika huondolewa, pamoja na utando wa mafuta na, ikibidi, wengu, kifuko cha nyongo, ovari au sehemu ya utumbo. Mwisho dawa ya saratani, mara nyingi mitomaisini, huzungushwa ndani ya tumbo kwa joto la nyuzi 41 hadi 43 za Selsiasi kwa dakika 60 hadi 90. Ripoti ya mwaka 2012 iliyokusanya wagonjwa 2,298 kutoka vituo 16 ilikadiria kwamba asilimia 63 walikuwa hai baada ya miaka 10. Asilimia 2 walifariki kutokana na tiba yenyewe, na takriban robo walipata madhara makubwa. Kufungua tumbo mara kwa mara ili kupunguza ute tu, kama ilivyozoeleka zamani, huacha makovu yanayoufanya upasuaji huu kuwa mgumu baadaye.

Kabla ya upasuaji wa kwanza dalili za kutilia shaka zipo, ingawa ni chache: kwenye kipimo cha CT (picha za mionzi za ndani ya mwili), kidole tumbo chenye kipenyo kinachozidi milimita 15, au mstari wa chokaa kwenye ukuta wake. Umri nao una uzito. Nchini Finland, watafiti waliwafuatilia watu 60 waliopata jipu la kidole tumbo na kutibiwa kwanza kwa antibiotiki. Walisimamisha utafiti kabla ya muda kwa sababu uvimbe ulikutwa mara nyingi kuliko walivyotarajia; hatimaye ulikutwa kwa 12 kati yao, wote wakiwa na zaidi ya miaka 40. Kwa hiyo mtu wa umri huo aliyepona jipu kwa dawa anapaswa kurudi kuondolewa kidole tumbo, hata kama anajisikia mzima, na utumbo mpana uchunguzwe kwa kamera.

Mgonjwa anayepewa rufaa kwenda mbali, iwe jiji jingine au India, aombe ripoti yake kamili pamoja na vipande vya nta na slaidi za sampuli, kwa sababu kituo kitakachompokea kitazisoma upya kabla ya kumpasua. Baada ya tiba atafuatiliwa kwa CT na kwa vipimo vya damu vya CEA, CA 19-9 na CA-125, ambavyo ni viashiria vya uvimbe, kwa miaka kadhaa, kwani uvimbe huu wa ute huweza kurudi polepole mno, wakati kidonda cha upasuaji kimeshasahaulika.