Je, wajua kwa nini ndugu zake Adili ni manyani na sio mbwa?

Jioni zetu siku hizi hapa Lindi ni baraza, korosho za kukaanga, na mpwa wangu anatusomea kwa sauti Adili na Nduguze, ile riwaya ya Shaaban Robert ya 1952. Juzi kafika pale Adili anapowachapa manyani wawili usiku huku roho inamuuma, bibi akamkatiza, "We mjukuu wangu soma vizuri, hao mbwa hao, hadithi hiyo naijua tangu sijavunja ungo." Mtoto akanigeukia, "Mjomba, sa nani kakosea?"

Hamna aliyekosea. Ya bibi inatoka kwenye Alfu Lela Ulela, humo liwali wa Basra anaitwa Abdullah bin Fadil, kila usiku anachapa mbwa wawili kisha anawafuta machozi na kuwalisha, kumbe ni ndugu zake wa damu walomtosa baharini kwa kijicho, na binti wa majini ambaye Abdullah aliwahi kumwokoa akiwa kwenye umbo la nyoka ndo akawageuza hivo na kumwamuru awachape. Shaaban Robert kachukua mifupa hiyohiyo akaivika nyama ya kwake. Ndugu kawapa majina ya tabia zao kabisa, Hasidi na Mwivu, yani ukisikia jina ushamjua mtu, na khalifa Harun Rashid nafasi yake kaichukua mfalme Rai.

Kwa nini nyani lakini? Mi naona kwetu nyani anauma zaidi kumsoma. Mwenye shamba yeyote huku Lindi anamjua, anavunja mahindi kwa mikono kama yako, anakutazama usoni kama mtu, sa fikiria umchape huyo halafu unajua ni ndugu yako.

Na bibi hadithi ya Basra kaipataje? Pwani hii hadithi zilishuka na majahazi, kaskazi inaleta watu wa Uarabuni, wanakaa miezi wakingoja kusi iwarudishe, na mtu anayengoja upepo atafanya nini usiku kama si kusimulia. Kilwa iko mkoa wetu huuhuu, Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika pale 1331. Nilivotembea kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani, kuta za matumbawe zimesimama kimya hamna mtu, ule mji wa watu waliogeuka mawe ndani ya hadithi nikauona kwa macho, nikaelewa kwa nini watu wa huku waliishika hadithi hii wasiiachie.

Ila badiliko ninalolipenda kuliko yote liko mwishoni. Kwenye Alfu Lela Ulela ndugu wakisharudishiwa ubinadamu wanajaribu kumuua Abdullah, anaponea chupuchupu, nao wanauawa. Shaaban Robert kakataa, wa kwake wanatubu na wanasamehewa. Kuna wanaosema hapo kitabu kinakua kipole mno, mi nasema upole huo ndo kazi yenyewe, maana kisasi alikikuta tayari, msamaha ilibidi autunge.

Jana tumemaliza. Bibi alikua anasubiri mauaji, yakawa hayaji, akanyamaza kidogo akamwambia mtoto, "Hebu rudia hapo wanaposamehewa, soma polepole."